Bi Hesabu na Nafasi Moja

Mtaani walimwita Bi Hesabu, na msije mkadhani lilikuwa jina la heshima. Lilianza kwa heshima, hilo sikatai. Siku aliyorudi na joho la kukodi na kofia yenye kishada, majirani walitoka milangoni kumlaki, na kinyozi wa kona alimwacha mteja wake na kichwa nusu ili aje kumpa mkono. Shahada ya hesabu, tena ya daraja la kwanza, tena mtoto wa dobi! Watu waliolikimbia somo lile tangu shule ya msingi walijiona na wao wamefaulu. Lakini sifa isiyo na kazi huchacha kama maziwa. Mwaka wa kwanza walimwita Bi Hesabu wakicheka naye, mwaka wa pili wakawa wanamcheka.

Mjomba wake, dereva wa lori la mchanga, ndiye aliyekuwa kinara. “Shahada ya kuhesabu!” alizoea kusema, akipiga paja. “Mimi nahesabu tripu kabla hujazaliwa na sijavaa joho!” Kinyozi naye alikuwa na shida yake. Kila Jumamosi alimsimamisha Bi Hesabu barazani na gazeti la michezo mkononi. “Wewe si umesomea uwezekano? Niambie basi, leo nani atafunga?” Akimweleza taratibu kwamba uwezekano haumtaji mfungaji, kinyozi anakunja gazeti kwa huzuni. “Sasa mlikuwa mnasoma nini miaka yote hiyo?” Na hilo swali, jamani, mwenyewe alikuwa ameshaanza kujiuliza akiwa peke yake.

Chuoni, kwenye ukuta wa idara yao, kulikuwa na bango. Mwenye shahada ya hesabu, lilisema, anaweza kuwa mwalimu, mtakwimu, mtu wa benki, mtaalamu wa bima, mwandishi wa programu za kompyuta au mtafiti. Chini yake kijana mwenye tai alikuwa anatabasamu kwa meno yote. Laiti ningempata aliyelichora bango lile, ningekuwa na maneno naye.

Maana alianzia shuleni. Mkuu wa shule alivipokea vyeti vyake kwa mikono miwili, akavisoma mpaka mwisho, akavirudisha kwa mikono miwili. “Binti yangu, hesabu unazijua. Cheti cha ualimu kiko wapi?” Hakuwa nacho. “Basi siwezi kukuweka mbele ya watoto.” Na wakati anasema hivyo, darasa la jirani lilikuwa linapiga kelele za kupasua paa kwa kukosa mwalimu wa hesabu tangu muhula uanze. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekuwa akiwashikia, akiwapa jedwali la kuzidisha waliimbe.

Benki walimchukua, tena haraka. Wakampa fulana na mwavuli, wakamsimamisha stendi awashawishi wapita njia wafungue akaunti. Mtu akimuuliza, “Hii ina faida kweli?” yeye anatoa kalamu na kumkokotolea pale pale, mstari baada ya mstari, mpaka mtu anaona kwa macho yake jinsi makato yanavyoimaliza faida. Watu walimshukuru sana wakaenda zao. Msimamizi wake alipokuja kukagua na kukuta foleni ya watu wanaokokotolewa na hakuna hata mmoja aliyejaza fomu, aliuchukua mwavuli mwenyewe.

Ofisi ya takwimu walimwambia sensa imekwisha, asubiri ile nyingine. “Lini?” akauliza. “Baada ya miaka kumi, dada.” Na aliyemjibu hakuwa anatania, alishaanza kumwandika. Vijana wa kampuni ya kompyuta walimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka wakamuuliza anaandika kwa lugha gani, naye akakiri kwamba chuoni walifundishwa programu kwa chaki ubaoni, kwa sababu maabara ilikuwa imefungwa na mwenye ufunguo alikuwa masomoni ng'ambo. Wakatazamana. Na huko kwenye utafiti wanataka shahada ya pili, shahada ya pili inataka mfadhili, na mfadhili anataka mtu aliyewahi kufanya utafiti. Alipompelekea profesa wake habari hiyo, mzee alicheka kwa raha. Alikuwa anapenda kweli vitu vinavyozunguka.

Yote hayo angeyavumilia, kama si mama.

Mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa chumba cha chini chenye mashine kubwa za kufulia, mvuke, na mashuka ambayo mtu hatamani kujua yamepitia wapi. Dawa ya kutoa madoa ilikuwa imemla vidole mpaka alama za ncha zake zimefutika. Alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa katakata kumtambua kuwa ni mtu. Alicheka akisimulia hilo. Ila mwaka huo hospitali iliwatangazia kwamba chumba cha kufulia kitafungwa, mashuka yatapewa kampuni ya nje, na wafuaji wote watapumzishwa mvua zikianza. Hapo hakucheka. Alikuja nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

“Mwanangu, baba yako alituacha, tukaishi,” alisema. “Mimi nikitoka kule, lazima uingie mahali. Mahali popote. Vinginevyo sioni tutakulaje.”

Ndipo ilipotokea nafasi ya bima. Kampuni kubwa, jengo la vioo, inatafuta mwanafunzi mmoja tu wa kazi ya kukokotoa bima: nani atakufa lini, nyumba ngapi zitaungua, na watu watozwe nini ili siku hiyo ikifika pesa ziwepo. Kazi hiyo imeumbwa kwa watu wa hesabu. Bi Hesabu aliposoma tangazo alikaa kuandika maombi papo hapo, na mama akaenda kuazima viatu vya kisigino kwa nesi wa zamu.

Walikwenda wengi, wakachujwa, wakabaki wanne. Waliwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kila mmoja na meza yake, wakapewa swali moja. Kampuni inataka kuwauzia bima ya ajali waendesha pikipiki. Jedwali hili linaonyesha waendesha pikipiki waliokuja kudai fidia mwaka jana. Je, kila mwendesha pikipiki atozwe kiasi gani kwa mwaka?

Bi Hesabu alilisoma mara mbili, moyo ukamruka kwa furaha. Ameuona mtego! Jedwali linawataja walioanguka wakaja kudai. Wasioanguka wako wapi? Walioanguka wakafa na ndugu zao hawakujua pa kudai, je? Pasipo kujua waendesha pikipiki wote ni wangapi, bei yoyote inaweza kuwa sawa na bei yoyote inaweza kuwa upuuzi. Akainama. Aliandika ukurasa wa mbele na wa nyuma, kwa hatua safi zinazofuatana, akithibitisha kwamba jibu la swali lile haliwezi kupatikana. Tangu amalize chuo hakuwahi kujisikia vizuri namna ile. Na mwishoni, kwa mazoea, akachora kale kamraba kadogo ambako watu wa hesabu hukaweka chini ya kazi kumaanisha: nimethibitisha, nimemaliza, hakuna la kuongeza.

Ewe mwenzangu! Umeulizwa bei, umejibu kwamba bei haijulikani, na ukachora mraba! Kosa hilo asingelifanya kinyozi, wala mjomba na lori lake. Linataka shahada, tena ya daraja la kwanza.

Walimwita ndani. Walikuwa watatu: meneja, mama mmoja wa ofisi ya utumishi mwenye miwani ya kamba, na mzee mwembamba aliyekuwa mkuu wa kitengo cha hesabu. Meneja aliishika karatasi yake kwa ncha za vidole.

“Dada, mteja amesimama dirishani na pikipiki yake iko nje. Anataka bima. Unampa karatasi hii?”

“Nitamwambia ukweli, mheshimiwa. Kwamba bado hatujui.”

Meneja na yule mama waliangua kicheko, si cha ubaya, cha watu waliochoka mchana. Mzee wa hesabu hakucheka. “Usemalo ni kweli tupu,” akamwambia. “Hata mimi jedwali lile siliamini. Lakini binti, kazi yetu hapa ni kukisia, na kuwa tayari kukosea, na kuweka akiba kidogo ya siku tutakayokosea. Wewe umefundishwa kuogopa kukosea.”

Bi Hesabu alifungua mdomo. Alitaka kusema naweza kujifunza, naomba nijaribu tena, nipeni kalamu. Lakini muda wake ulikuwa umekwisha. Nyuma yake alikuwa anaitwa msichana mwenye kucha nyekundu, ambaye wakati wa mtihani alikuwa anatafuna bazoka na kuangalia dari. Huyo, tukimwita Kucha hatutakosea, naye alikuwa na shahada ya hesabu, ya chuo kingine, daraja la kawaida. Alikuwa ameandika bei moja, akapigia mstari mara mbili. Basi. Nafasi ikawa yake.

Wahenga wanasema kupata si werevu, kukosa si ujinga. Ni maneno mazuri kwa aliyepata. Bi Hesabu alirudisha viatu kwa nesi, akajifungia chumbani. Alijaribu hata kuomba kazi ya kuuza duka la vipuri. Mwenye duka aliviangalia vyeti akasema mtu msomi hivi atamwibia kwa akili.

Kisha siku moja mchana simu ikaita. Ni yule mama wa utumishi. “Unaweza kuja ofisini kesho? Kuna jambo tunataka kuzungumza nawe.” Mama yake, aliyekuwa zamu ya mapumziko, alisikia kila neno kwa sababu simu yenyewe spika yake ilikuwa mbovu, haijui kunong'ona. Aliruka kama msichana. Mpaka jua linazama mtaa mzima ulishajua Bi Hesabu ameitwa, na kinyozi akaapa kumnyoa mjomba bure.

Kumbe! Kesho yake mama wa utumishi alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akaeleza. Mwanafunzi wa kazi hiyo lazima apite mtihani wa chama cha taaluma. Kucha aliufanya, akaanguka. Anaruhusiwa kuurudia mara moja tu. “Ni msichana mzuri, wateja wanampenda, lakini nadharia zimemshinda. Tukamkumbuka yule dada wa mraba.” Akatabasamu. “Utakuwa unakuja jioni, unamfundisha. Tutakupa nauli na kitu kidogo.”

Bi Hesabu alishika chupa ya soda bila kuinywa. Akasema ndiyo, kwa sababu nauli na kitu kidogo ni zaidi ya kulala chumbani.

Kwenye korido alikutana na mzee wa hesabu. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Mzee alitazama huku na huku. “Wamekwambia utaratibu? Akianguka mara ya pili anaondoka, na nafasi anapewa aliyekuwa wa pili kwenye usaili. Wa pili ulikuwa wewe, mimi ndiye niliyekung'ang'ania. Nimewaambia si haki kukupa wewe kazi ya kumfundisha. Wamenicheka. Wamesema mtu aliyeandika karatasi ile hawezi kumdanganya mtu.” Akashusha pumzi. “Nimeona ujue.”

Sasa niambie wewe unayesoma hapa umejinyoosha. Kazi ile ile uliyoililia iko mbele yako, na mlango wake umefungwa na mtu mmoja, na mtu huyo amekabidhiwa mikononi mwako umfundishe asiondoke mlangoni!

Alimweleza mama yote. Alifikiri mama atakasirika, atakwenda kumfokea meneja kwenye jengo lake la vioo. Mama aliendelea kujipaka mafuta vidoleni. “Mfundishe kama unavyojifundisha mwenyewe,” akasema. “Riziki ya mtu haizibwi na mwenzake. Yako itakuja.” Akaongeza kwamba mvua bado ziko mbali.

Basi akawa anakwenda. Mlinzi wa getini alimpa kila jioni kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoandikwa MGENI, na akakirudisha akitoka. Kucha alimsubiri kwenye chumba kidogo cha mikutano, viatu amevua, karanga mezani. Na shida kubwa ilikuwa kwamba haiwezekani kumchukia. Kucha alikuwa mcheshi, mkarimu, anakiri ujinga wake bila haya. “Dada, mimi chuoni nilipita kwa kukariri na kumwomba Mungu,” alisema. “Siku ile ya usaili niliandika namba iliyonijia. Nilikuwa nina njaa, nataka kutoka.” Akacheka, na Bi Hesabu, masikini, akacheka naye.

Tena alikuwa anaelewa! Akifundishwa vizuri alielewa, na Bi Hesabu aligundua kwamba anajua kufundisha. Kitu kilichokuwa kigumu jana kinakuwa chepesi leo, na Kucha anapiga makofi. Kila akipiga makofi, mwalimu wake anasikia mlango unasogezewa komeo. Njiani kurudi alikuwa anajisemea kwa sauti mpaka watu wanageuka.

Mvua zikaja, mapema. Hospitali wakaleta karatasi ya kusaini, mama akarudi na vifaa vyake ndani ya mfuko wa plastiki: glavu, kikombe, kandambili za kazini. Asubuhi iliyofuata alivaa akafika mpaka mlangoni ndipo akakumbuka, akarudi kukaa. Bi Hesabu alimwona kwa upenyo wa pazia, na kitu ndani yake kikakatika.

Jioni hiyo lilibaki somo moja tu la kufundisha, lile Kucha alilokuwa akilichanganya tangu mwanzo. Ni hivi. Uwezekano wa mtoto aliyezaliwa leo kufika miaka sabini una namba yake. Lakini mzee ambaye ameshafika sitini, uwezekano wake wa kufika sabini ni mkubwa zaidi, kwa sababu vile vifo vya utotoni na ujanani ameshavivuka. Bima yote ya maisha inasimama hapo. Anayetumia namba ya mtoto kwa mzee ameanguka, hata ajue mengine yote. Na katika mtihani ule, kila mwaka, swali hilo hutoka.

“Hii ndiyo inayoniua, dada,” alisema Kucha, akifungua ukurasa.

Bi Hesabu aliutazama ukurasa. Alimwona mama kwenye upenyo wa pazia. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Achana nayo. Siku hizi haitoki.”

“Kweli?”

“Haitoki.”

Kucha akafunga kitabu kwa kishindo cha furaha. Hakuuliza mara ya pili, maana aliyesema ni Bi Hesabu. Wakaagana. Mlinzi akapokea kitambulisho, akamtakia safari njema, na Bi Hesabu akatembea mvuani bila kufungua mwavuli. Kufa kufaana, alijiambia. Si ndiyo kazi ya bima yenyewe? Hakuiba kitu cha mtu. Nafasi ilikuwa yake tangu mwanzo, na yule hata hakuihangaikia. Hoja alikuwa nazo chungu nzima, na kila moja alipoikagua aliikuta na tundu. Ndiyo laana ya elimu yake, hata uongo wa kujifariji hawezi kuumeza bila kuukagua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mtihani Jumatatu. Alifua, akadeki, akadeki tena palipokwisha kudekiwa. Mama akamuuliza una nini, akasema sina kitu. Mchana akavaa kandambili akatoka. Njia nzima alikuwa anajitukana: rudi, mpumbavu wewe, rudi nyumbani, mama yako hana kazi. Miguu haikurudi.

Alimkuta Kucha uani kwao anasukwa nywele, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, redio inaimba. “Dada! Umekuja kunitakia heri?”

“Lete kitabu. Ile ya jana inatoka.”

“Si ulisema haitoki?”

“Nilikosea.”

“Kumbe na wewe hukosea!” Kucha alicheka, akamwambia msusi wake asubiri, akaleta kitabu na kigoda. Hakushuku hata kidogo. Bi Hesabu alichukua kijiti akachora chini, kwenye udongo wenye unyevu: hawa hapa wamezaliwa, hawa wamefika ishirini, hawa arobaini, hawa sitini. Wale waliokufa wafute kwa kiganja. Umebaki na nani? Hao tu ndio wa kuwahesabia, usiwarudie wengine. Alirudia, akabadilisha namba, akarudia. Hata msusi akaanza kuelewa. Na Kucha alipofanya hesabu moja peke yake bila kuulizwa, akaipata, akamrukia mwalimu wake shingoni na nywele zake zilizotimka, Bi Hesabu alisimama pale mikono imening'inia, hana nguvu ya kumkumbatia wala ya kumsukuma.

Wiki zikapita. Mama alizisubiri karatasi za mafao ambazo kila ofisi ilisema ziko ofisi nyingine. Mjomba aliacha utani, na hilo lilitisha zaidi ya utani wenyewe. Siku hizi akipita alishusha mfuko wa unga mlangoni bila kuingia.

Alasiri moja simu ikalia. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, anatazama nje.

“Dada, nimepita! Nimepita! Lile la mzee wa sitini lilikuwa swali la kwanza kabisa! Wamenipa barua ya ajira ya kudumu. Dada, bila wewe ningekuwa nafungasha saa hizi!”

“Hongera, mdogo wangu.”

“Nitakuja kukuona, sawa? Nitakuletea zawadi.”

“Sawa. Hongera sana.” Akakata.

Mama alikuwa amesikia, simu yenyewe ni ile ile ya spika mbovu. Bi Hesabu alingoja amwambie Mungu ni mkubwa, amwambie yake itakuja. Mama aliendelea kutazama nje.

“Ungemwacha aanguke,” akasema.

Bi Hesabu alidhani amesikia vibaya. Huyu ndiye mama aliyemchapa akiwa darasa la pili kwa kurudi na penseli ya mwenzake, akamburura mpaka kwa wenyewe airudishe huku analia.

“Mama?”

“Nimesema ungemwacha aanguke, mwanangu. Najua nilivyokufundisha. Nilikufundisha nikiwa na kazi.” Akajifunika uso kwa vile vidole vyake, akalia kwa nguvu, mlango ukiwa wazi na watu wanapita.

Bi Hesabu alipiga magoti mbele yake, akamshika magoti. Hakuwahi kumwona analia hivyo, hata baba alipoondoka.

“Nilijaribu, mama,” akasema. “Nilijaribu kweli. Sikuweza.”